Kichuma Yenye Nilitupa mu Ziwa

Yaya Josefina,

Ni miye Donati, mudogo yako. Nimekaa juu ya bwato yenye kupinduliwa nyuma ya nyumba yako, daftari iko pa magoti. Masomo yangu unajua, iliishia mwaka ya ine, kwa hiyo usitafute makosa. Ungekuwa hapa ungesoma mustari moja, ungecheka, ungesema, "Donati, hata barua yako inapiga kelele." Leo nitajaribu isipige.

Habari ya hapa kwanza. Jumamosi tunamaliza matanga yako. Mwaka imetimia. Batu ya Kilwa, ng'ambo ya ziwa, batavuka na mabwato mbili, na bale ya Mununga balituma neno kama batakuja na koro yao, juu banasema koro ya Nchelenge tangu ulikufa inaimba kama batu benye njaa. Nafasi yako mu mustari ya mbele hakuna mutu anasimama. Meza yako pa soko, Mado binti yako njo eko nayo. Anakausha samaki ndogo ya chisense muzuri. Sitasema kuliko weye, lakini bamama ya Mansa banashuka mu minibasi banaenda kwake moja kwa moja, hata salamu kwa bengine habatoe.

Na gari yako, ile uliita Mukwe juu inakuja kwetu, inakula, inakaa, haisemi asante, iko palepale pembeni ya choo, chini ya turubai yenye Mado alishona na mifuko ya unga. Tangu ile siku haijatembea. Kuku moja alitaga mayai pa kiti ya nyuma. Kiti yenye weye… basi. Pa kiti ya nyuma.

Njo ya Mukwe nakuandikia. Kuna kintu yenye weye ulijua na miye nilijua, na wa tatu hakukuwa. Sasa wa tatu eko.

Pa mabwato bananizoea na jina ya Injiniya, na haiko bure. Motere ya bwato, hata uniletee mu gunia, vipande vipande, nitaiunganisha na itawaka. Ile mwaka ya mvua kubwa, katikati ya ziwa, na batu kumi na ine mu bwato, si niliwasha motere na mufupa ya samaki pa nafasi ya pini? Weye ulisema kila mara batu balikuwa tano, na mufupa haukuwako. Ulikuwa unakaa pa mbabula ya makaa unageuza samaki, unaniacha nifike mwisho, halafu unasema, "Ongeza chumvi, Donati. Samaki ile bado haijakauka." Bote banacheka. Miye pia nacheka. Lakini nilikuwa naongeza.

Halafu Mukwe akaanza kutoka jasho. Mushale ya kupima moto ilikuwa inapanda kila ukibeba mizigo, ukaniita. Yaya, miye sikuwa fundi ya gari. Naandika hii mara ya kwanza mu maisha yangu. Nilikuwa fundi ya motere ya bwato, na pa bwato sisi bote tunafanya namna moja: mu motere iko kichuma kidogo, kama kifuniko ya chupa na spring, inaitwa termosta, inafungua njia ya maji na inaifunga. Muchanga ya ziwa inaikamata, haifunguke tena, motere inapata moto. Basi unaitoa, unatupa, unafunga. Ziwa muzima iko chini yako, maji ya baridi haitaisha. Njo vile nilifundishwa, njo vile nilifundisha bengine.

Nikafanya Mukwe vile vile, kama Mukwe anaelea.

Unakumbuka. Nilikuonyesha ile kichuma mu kiganja. Nilisema bazungu banaweka hii juu kwao iko baridi, huku kwetu ni ya bure. Nilisema nimefanya operesheni. Nikateremka mpaka pa maji, nikaitupa mbali, na weye ukasema, "Hata wavu hautupaka mbali vile." Mado alikuwa ku Mansa na masomo yake. Tulikuwa sisi bawili.

Kisha pale Mukwe akatoka jasho zaidi. Sikutaka kuelewa. Nikasema shida ni maji, muongeze kila asubuhi. Mado aliporudi ukamupatia ile kazi, na Mado unamujua, ukimupa kazi ni kama umemupa Biblia.

Ile siku sitaieleza yote, weye ulikuwa ndani yake. Ulianguka pa meza, mudomo ikaenda upande moja, mukono ya kuume ikakataa. Ku hospitali balisema ni tansiyo, damu imepanda, imepiga kichwa, mwende Mansa. Gari ya hospitali ilikuwa njiani inarudi, balituomba tungoje saa moja. Mado alisema, "Mujomba, tungoje." Miye nikacheka mbele ya bauguzi. Nikasema gari yao itatukuta Mansa tunakunywa chai.

Mpaka Mwense tulienda muzuri. Nilikuwa hata napiga hadithi. Halafu barabara ikaanza kupanda, mushale ikapanda nayo, na mvuke ikatoka mbele kama chungu ya bukari. Tukasimama. Nilifungua kifuniko na shati yangu, nikaona maji yote imeruka. Na miye, Yaya, nikageuka ku dirisha, nikasema na sauti kubwa, "Mado, asubuhi uliweka maji?"

Alisema, "Niliweka, Mujomba."

Nikasema, "Uliweka namna gani?"

Kichwa yako ilikuwa pa magoti yake. Mudomo haikuweza kusema, lakini macho ilikuwa yako yote. Uliniangalia. Halafu mukono ya kushoto, ile yenye ilibaki, ikapanda polepole ikashika mukono ya Mado. Yeye alifikiri unamuaga, mpaka leo anaeleza batu vile. Miye nilijua ni nini. Ulikuwa unamuambia si yeye.

Nilichota maji mu kijito mara tatu, na mara tatu tulisimama tena. Tulifika jua inaingia. Dokta alisema hata kama mungefika mapema, labda. Ile "labda" nimelala nayo mwaka muzima kama blanketi. Lakini dokta hakujua vile tulikuja. Miye njo najua, na blanketi haifiki pa miguu.

Na haikuishia pale. Pa kilio, unajua desturi yetu, mutu ya upande ya mama njo anasimama kueleza ugonjwa tangu mwanzo mpaka mwisho, ili kusibaki maneno ya chini chini. Miye njo nilisimama. Nilieleza muzuri, batu balilia. Nilisema nilikimbiza gari mpaka polisi balitupigia saluti. Halafu nikafika pa mulima, nikasema, "Maji mu gari ilikuwa kidogo. Ni mutoto, alisahau. Musimuhukumu." Nilimuombea musamaha, Yaya. Bazee balitikisa kichwa, balisema Injiniya eko na roho muzuri.

Mado alikuwa amekaa chini kati ya bamama. Hakukataa. Aliinamisha kichwa tu.

Sijui alianza lini kuniamini. Najua yenye naona. Kila asubuhi, mbele ya kwenda sokoni, anainua turubai, anafungua kifuniko ya radiatere, anaangalia, anaongeza maji na kile kikombe yako ya bati. Mu gari yenye haitembei. Asubuhi zote za mwaka. Miye napita na neno yangu ya kutuliza, nasema, "Vizuri, mutoto," naenda pa mabwato.

Wiki iliyopita aliniita. Alikuwa na karatoni ndogo mu mukono, yenye ilitoka Lubumbashi na batu ya minibasi. Alisema, "Mujomba, Jumamosi ya matanga nataka Mukwe atembee. Nataka kubeba bamama mpaka pa kaburi na gari ya mama mwenyewe. Nimenunua termosta mupya, mu telefone banasema gari ikipata moto unaanza na ile. Haiko ya kampuni yenye ilitengeneza gari, ni ya bengine, lakini kipimo ni moja. Sijapata kufungua motere mu maisha yangu. Weye uniongoze."

Nikasema ile bintu ya kuiga haifai, tungoje ya kampuni. Nikasema mwezi ujao. Nikasema mugongo inaniuma. Alinisikiliza yote, halafu akawasha mbabula, akaweka maji mu sufuria, akatia termosta ndani. Alisema mu telefone banafundisha vile, kama hauamini kintu, uipime kwanza.

Yaya, miye nimetupa termosta sijui ngapi mu hii ziwa. Pa chini ya maji samaki banazijua zote. Lakini sijapata kuona moja inafanya kazi. Tuliinamia sufuria bawili. Maji ilianza kucheka pembeni, hakuna kintu. Ikachemka, na ile kichuma ikafungua yenyewe, polepole, kama mudomo ya samaki anapumua. Mado akaitoa na kijiko, akaipuliza, ikafunga. Alicheka kama mutoto ya miaka sita. Miye nilikuwa naangalia kando.

Tukaanza. Kazi ya mikono nilimufundisha kweli, hapo sitajidharau. Tuliacha motere ipoe, tukamwaga maji mu beseni yako ya bluu. Buloni zenye kufunga kifuniko ya termosta zilikuwa zimeshikwa na kutu, akataka kuvuta na nguvu. Nikamukataza. Nilimuonyesha vile tunafanya: unatia petroli kidogo, unangoja, unagonga kichwa ya buloni kama unabisha mulango ya mugonjwa, halafu kidogo kushoto, kidogo kuume, unairudisha mbele ya kuivuta, mpaka ikubali. Ya kwanza ilimuchukua muda kama misa. Ilipokubali alisema, "Kumbe unaiomba tu." Nikasema njo vile, chuma ni mutu. Kwa ile dakika nilisahau yenye ilikuwa nyuma ya kile kifuniko. Nilikuwa na furaha, Yaya. Weye njo ulikosekana pale.

Akatoa ya mwisho. Akavuta kifuniko na tiyo yake ya maji. Akaangalia ndani. Akaingiza kidole, akazungusha.

"Mujomba, hamuna kintu humu."

Nikajibu mbio, hadithi ilikuwa tayari pa ulimi bila hata kuitwa. Nikasema, "Zile gari za Japani za zamani zingine zilitoka kiwandani bila. Balikuwa na haraka."

Alipangusa kidole na kitambaa. Akachukua termosta mupya, akanionyesha pa chini, iko kifuniko kingine kidogo. Akasema polepole, kama anasoma, "Hii ya chini inaziba shimo ile ya nyuma. Kama haiko, maji ya moto inarudi mu motere bila kupita mu radiatere. Inazunguka humo humo, inazidi moto." Halafu akasema, na hakuwa anasema na miye, "Kwa hiyo hata ungejaza maji namna gani."

Kikombe yako ya bati ilikuwa pale pa mudguard, juu ya gurudumu, mukono yake ilikuwa pembeni yake. Niliona vile mukingo ya kikombe imekwaruzwa pa upande moja, pale inagusana na radiatere kila siku. Mwaka moja ya kugusana.

Nikasema, "Ni miye."

Alingoja. Alijua nitaongeza, batu bote banajua. Nilikuwa na maneno mingi: muchanga, bazungu, ziwa, vile bengine banafanya. Yote nikaiacha. Nikasema tu, "Niliitoa miye. Mama yako aliniona. Maji uliweka. Ile siku pa mulima nilijua kabisa uliweka."

Aliweka kle ya kufungulia buloni chini, aliinuka, alienda kunawa mikono, ikachukua muda. Nilifikiri ameenda kuita upande ya baba yake. Nilitaka kukimbia pa mabwato, na nilibaki, sijui juu ya nini. Labda juu ya gari ilikuwa wazi, na fundi haachaka motere wazi.

Alirudi. Macho ilikuwa myekundu. Alisema, "Mujomba. Mwaka muzima." Ile tu. Halafu akapiga magoti, akashika termosta, akanipa kifuniko. "Shika hapa."

Nilishika. Nilitaka kumuambia aiweke namna gani, akanizuia na kiwiko ya mukono: kuna kijitundu na kimusumari kinatikisika pa ukingo, kinapaswa kukaa juu ili hewa itoke. Miye ningeiweka chini. Alifunga buloni moja moja, bila nguvu mingi, vile nilimufundisha. Tukajaza maji ya kijani ya dukani, haikuwa tena ya ziwa. Akawasha. Mukwe alikohoa, akatoa moshi na manyoya ya kuku, akashika.

Akachukua mukono yangu akaiweka pa tiyo ya radiatere. Alisema, "Ngoja." Ilikuwa baridi. Mushale ilipanda, nilitaka kutoa mukono, alisema tena, "Ngoja, Mujomba. Jifunze kungoja." Halafu moto ikaja mara moja chini ya kiganja yangu, kama mutu amefungua mulango. Mushale ikasimama katikati. Haikupanda tena. Tuliiacha motere inanguruma mpaka maharagi ya jirani iliiva, haikupanda.

Njo pale alisema yenye alikuwa nayo. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alisema, "Ulinisemea mbele ya batu. Jumamosi bale bale batu batakuwa hapa. Usimame pale ulisimama."

Yaya, naogopa. Sitakudanganya, juu ungenijua. Naogopa bazee ya upande ya baba ya Mado, baniulize juu ya gari ya hospitali na saa moja. Naogopa kesho yake pa mabwato, nani ataniita Injiniya, nani ataniachia motere yake. Naogopa kusikia batu banalia upya juu yako, safari hii na macho yao iko kwangu. Mara mbili nimewaza kwenda Kilwa mpaka matanga ipite, kusema kuna motere ya haraka. Bwato iko, mafuta iko. Niko nakaa juu ya ile bwato sasa. Iko imepinduliwa, na nitaiacha vile mpaka Jumapili.

Leo asubuhi nilimuangalia Mado kutoka pa mulango yangu. Aliinua turubai, alifungua kifuniko, aliangalia. Maji ilikuwa pale aliiacha. Alisimama kidogo na kikombe mu mukono, kama mutu amesahau yenye alikuja kutafuta. Halafu akafunga, akaenda kunywea chai yake na kikombe yako. Hakunisalimia. Sikusema "Vizuri, mutoto." Nimekosa haki ya ile neno kwa sasa.

Lala, Yaya. Ile mukono ya kushoto niliielewa, na nilijifanya sikuielewa, na nakuomba musamaha hapa mbele ya kuomba pale. Nakuahidi hivi. Jumamosi nitasimama. Polisi sitabataja, juu hakukuwa polisi. Nitasema: termosta ya gari, miye njo niliitoa nikaitupa mu ziwa. Kungoja gari ya hospitali, miye njo nilikataa. Mado aliweka maji. Halafu nitakaa chini bila kuongeza, na weye njo unajua ile peke yake itanichukua nguvu ngapi.

Ili nijizoeze, naanza na weye. Mu ile bwato, mwaka ya mvua kubwa, batu balikuwa tano. Mufupa haukuwako.

Mudogo yako,
Donati